Modi zote zinasikika sawa: kutafuta hitilafu kwenye solo ya gitaa

Malalamiko kuhusu modi, yaani skeli saba zinazopatikana ukianzia noti tofauti za skeli moja ya meja, yanafanana kuliko mtu anavyodhani. Mpiga gitaa amejifunza maumbo saba ya skeli ya meja kwenye shingo nzima ya gitaa. Majina anayataja bila kusita: Ioniani, Doriani, Frijiani, Lidiani, Miksolidiani, Aeoliani, Lokriani. Kasi anayo. Akiingia kwenye solo, hakuna anayesikia tofauti, yeye mwenyewe akiwemo. Basi anaongeza mazoezi ya vidole, na tatizo linabaki palepale kwa sababu halikuwa kwenye vidole tangu mwanzo.

Tafuta dalili yako hapa chini. Ndani ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi iko mbele, na kinachoweza kukaguliwa haraka kinatangulia kazi ndefu. Lakini usiruke ukaguzi huu wa mwanzo, maana unatenga tatizo la masikio na tatizo la matumizi.

Ukaguzi wa mwanzo: uzi wa tano na uzi wa tatu

Tyuni gitaa. Piga uzi wa tano bila kuubana, yaani A, uuache ulie. Ukiwa bado unalia, tembea juu ya uzi wa tatu peke yake, kuanzia freti ya 2 hadi ya 14, ambayo ni A mpaka A ya juu. Sauti ya besi ikififia, ipige tena.

Lidiani: 2, 4, 6, 8, 9, 11, 13, 14
Ioniani: 2, 4, 6, 7, 9, 11, 13, 14
Miksolidiani: 2, 4, 6, 7, 9, 11, 12, 14
Doriani: 2, 4, 5, 7, 9, 11, 12, 14
Aeoliani: 2, 4, 5, 7, 9, 10, 12, 14
Frijiani: 2, 3, 5, 7, 9, 10, 12, 14
Lokriani: 2, 3, 5, 7, 8, 10, 12, 14

Linganisha kila mstari na ulio juu yake: kimebadilika kitu kimoja tu, freti moja imerudi nyuma. Kama unasikia sauti ikizidi kuwa nzito kadiri unavyoshuka kwenye orodha, masikio yako ni mazima na shida iko katika matumizi. Kama husikii chochote, dalili nyingine zote ziache kwanza. Kaa hapa, imba kila noti kabla ya kuipiga, na ulinganishe mistari miwili tu kwa siku. Anza na Doriani na Aeoliani, kwa sababu ndizo utakazozihitaji mapema zaidi.

Dalili: nabadilisha modi, lakini zote ni C meja

Hii ndiyo inayoongoza.

Sababu ya kwanza ni kinachopigwa chini yako. D Doriani na C meja zina noti zilezile saba. Kinachozitenganisha ni pale besi na kodi zinapotulia. Ukipiga umbo la D Doriani juu ya C, F na G, umepiga C meja, hata ukianzia D mara mia. Kipimo chake ni rahisi: acha gitaa, sikiliza muziki wa kusindikiza peke yake, kisha imba noti ambayo wimbo ungeweza kuishia nayo. Hiyo ndiyo noti mama. Ikiwa ni C, basi Doriani ya D haipo hapo, na hakuna kidole kitakachoileta. Tiba ni kubadili muziki, si umbo. Rekodi kwa simu Dm na G zikipokezana kwa dakika tatu, besi ikirudi D kila mara, halafu piga noti zilezile ulizokuwa ukipiga. Utashangaa.

Sababu ya pili: noti inayotambulisha modi unaikwepa, au unaipitia mbio kama gari la wagonjwa. Kila modi ina noti moja inayoitofautisha na jirani yake. Ukiwa na A kama noti mama, Lidiani inatambulishwa na D#, Miksolidiani na G iliyo juu ya kodi ya meja, Doriani na F#, Aeoliani na F, Frijiani na Bb, Lokriani na Eb.

Waliopita kwenye kwaya wana njia fupi hapa, na ajabu ni kwamba wengi hawaitumii wakishashika gitaa. Ukiimba kwa do, re, mi, Doriani ni skeli inayoanzia re na kurudi re. Frijiani inaanzia mi, Lidiani fa, Miksolidiani so, Aeoliani la, Lokriani ti. Sasa angalia noti inayotambulisha. Katika Doriani na Lidiani ni ti. Katika Frijiani, Miksolidiani, Aeoliani na Lokriani ni fa. Hakuna nyingine. Mwalimu wa kwaya aliyekukaripia kwa sababu ti yako iko chini alikuwa anakufundisha modi bila kujua. Kwa hiyo, kabla ya solo, jiulize tu: fa iko wapi, ti iko wapi? Kisha hakikisha mmojawapo anapata mpigo mzito na muda wa kukaa.

Sababu ya tatu haitokei sana, ila ikitokea ni ngumu kuigundua: sentensi zako zinaishia noti ya zamani. Muziki ni Dm na G, noti inayotambulisha unaipiga, lakini kwa mazoea kila kipande unakifunga kwenye C. Jirekodi, kisha sikiliza noti za mwisho tu, mojamoja. Zikiwa C mara nyingi, jiwekee sharti la muda: kila sentensi iishie D, F au A.

Dalili: Doriani yangu inageuka kuwa blues

Karibu kila mara chanzo ni pentatoniki. Skeli ya A maina pentatoniki ni A, C, D, E, G. Noti hizo tano zimo ndani ya Doriani, ndani ya Aeoliani na ndani ya Frijiani pia. Vidole vyako vikikaa kwenye lile sanduku la freti ya 5, msikilizaji hana njia ya kujua uko modi gani, kwa sababu F#, F na Bb zote ziko nje ya sanduku.

Usiliache sanduku, ongeza noti moja. Kwa Doriani ongeza F#, ambayo iko freti ya 4 kwenye uzi wa nne na freti ya 7 kwenye uzi wa pili. Piga pentatoniki yako ya kila siku, ila kila sentensi iguse F# mara moja kabla ya kutua E au A. Carlos Santana aliporekodi Oye Como Va ya Tito Puente mwaka 1970, kodi zake zilikuwa mbili tu, A maina na D, na ndani ya kodi ya D kuna F#. Ndiyo maana Doriani inakaa pale bila kusukumwa.

Dalili: noti moja inauma

Sababu inayoongoza ni kuchagua modi kwa jina la kodi ya kwanza bila kutazama zinazofuata. Umeona Am, ukasema Aeoliani. Kodi ya pili ni D meja, yenye F#, nawe unashikilia F. Hapo panauma, na hapatapoa kwa kupiga taratibu.

Kabla ya kuchagua, soma kodi mbili za kwanza:

Am na D: Doriani.
Am na F, au Am na Dm: Aeoliani.
Am na Bb: Frijiani.
A, G na D, huku A ikiwa ndiyo mama: Miksolidiani.
A na B meja, besi ikibaki A: Lidiani.

Am, Dm na E7 ndiyo inayowachanganya wengi. Kodi ya E7 ina G#, na hakuna modi ya A maina kati ya hizi yenye G#. Piga Aeoliani kwenye Am na Dm. E7 ikifika, ipandishe G iwe G#, kisha irudishe. Anayekuambia utafute modi moja ya meja inayofunika zote tatu anakupotezea muda.

Sababu ya pili: modi ni sahihi, ila noti umeiweka mahali pabaya. Noti iliyo nusu toni juu ya noti ya kodi huuma ikishikiliwa. F juu ya kodi ya C ni mfano maarufu, kwa kuwa E iko chini yake tu. Usiifute. Ipitishe, au iache ishuke E.

Dalili: kwenye sebene modi zinaniharibia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vijana wengi wa bendi wanapoumia.

Sebene nyingi hupigwa kwa kodi tatu, tuseme C, F na G, zikizunguka upesi. Ukileta C Lidiani kwa sababu uliambiwa inang'aa, F# yake itagongana na F mara tu kodi ya F inapoingia. Ukileta C Miksolidiani, Bb itagongana na B iliyo ndani ya kodi ya G. Na ukiwa mtiifu wa nadharia, ukapiga Ioniani kwenye C, Lidiani ya F kwenye F, Miksolidiani ya G kwenye G, umebadilisha majina matatu na kubaki na noti zilezile saba za C meja. Hiyo ni kazi ya karani, si ya mpiga solo.

Kinachoibeba sebene ni noti za kodi, na kipande kifupi kinachorudiwa mpaka wachezaji wakishike miguuni. Franco Luambo Makiadi (1938–1989) alijulikana kwa vipande vya namna hiyo, mara nyingi noti mbili kwa pamoja, zikipishana kwa sita. Hizo hazitafutwi kwa modi. Chukua E na C ya juu yake, ni sita. Kodi ikihama F, sogea F na D au A na F. Ikihama G, sogea G na E kisha shuka D na B. Sikiliza mpiga mi-solo (gitaa la kati ya lile la rithimu na lile la solo) anafanya nini, usikae kwenye mpigo wake. Ukishaweza kuzunguka hivyo bila kufikiri, ndipo utajua lini kuna nafasi ya rangi nyingine.

Nafasi hiyo ipo. Bendi ikisimama kwenye kodi moja kwa muda mrefu, ngoma na besi zikishikilia C tu huku mwimbaji akitaja majina, Miksolidiani inakaa vizuri kabisa, kwa kuwa kodi ya G yenye B haipo tena. Besi akirudi kwenye mzunguko wa kodi tatu, nawe rudi.

Dalili: kodi zikibadilika ninapotea

Kwanza kagua kama kuna mabadiliko ya kweli. C, Am, F na G zote ni za C meja. Anayefikiria Ioniani, kisha Aeoliani, kisha Lidiani, kisha Miksolidiani ndani ya sekunde nane lazima apotee. Piga skeli moja, na kila kodi ikifika lenga noti yake ya tatu: E kwa C, C kwa Am, A kwa F, B kwa G. Hizo nne peke yake, zikipigwa kwa wakati, tayari ni solo.

Kama mabadiliko ni ya kweli, tatizo huwa ni kuhesabu. Wimbo wa jazi So What wa Miles Davis, wa mwaka 1959, una vipimo 16 vya D Doriani, 8 vya Eb Doriani, kisha 8 vya D Doriani. Kupanda kwenda Eb si kazi, ni freti moja. Watu hupotelea kwingine: mzunguko ukiisha na kuanza upya, vile 8 vya mwisho vinaungana na 16 vya mwanzo, na unajikuta na vipimo 24 vya D mfululizo. Katikati ya hapo ndipo mtu hurukia Eb peke yake, bendi nzima ikimtazama. Hesabu kwa nane nane, kwa mguu, na katika mazoezi piga noti moja tu mwanzoni mwa kila nane mpaka mwili uzoee.

Dalili: solo yangu inasikika kama mazoezi ya skeli

Unapanda na kushuka noti kwa noti, bila kupumua. Maumbo ya noti tatu kwa kila uzi yanachangia sana, kwa sababu mkono unataka kumaliza umbo.

Jaribu haya kwa mfuatano. Imba sentensi kwanza, hata kwa sauti mbovu, kisha ipige. Pumzi ya mwanadamu itakuwekea vituo. Halafu jifungie kwenye nyuzi mbili tu, ya pili na ya tatu, kwa wimbo mzima. Bado ni ngazi? Kataza kupiga noti mbili zinazofuatana kwenye skeli zaidi ya mara tatu. Lazima utaruka, na kuruka ndiko kunakozaa sauti ya wimbo.

Dalili: napiga Frijiani nikitafuta ladha ya taarab, siipati

Umekaribia, ila noti ya tatu ndiyo inayokuangusha. Sauti ambayo wengi wanaitafuta ni maqam (skeli ya muziki wa Kiarabu) ya Hijaz, na ikianzia A ni A, Bb, C#, D, E, F, G. Frijiani ina C mahali pa C#. Kwenye uzi wetu wa tatu, Hijaz ni 2, 3, 6, 7, 9, 10, 12, 14. Lile ruko pana kati ya 3 na 6 ndilo unalolisikia kwenye fidla. Hijaz haimo kati ya modi saba za meja. Ni skeli inayoanzia hatua ya tano ya D maina ya hamoniki.

Ukitaka Bayati au Rast, acha hapo. Maqam hizo zina robo toni, na robo toni ziko katikati ya freti zako. Kuvuta uzi kutakusogeza karibu, lakini hakutoshi kupiga pamoja na kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab, bila kuchafua. Mtafute mpiga udi au fidla anayezijua. Zanzibar wapo wengi, na Dhow Countries Music Academy inafundisha vyombo hivyo. Msikilizaji wa taarab hatakuvumilia ukikisia.

Dalili: Lokriani haisimami

Ndivyo ilivyo. Noti yake ya tano imeshushwa, kwa hiyo kodi yake ya msingi haina pa kutulia. Itumie kwa kodi moja inayopita, kama Bm7b5 kuelekea E7, na uendelee na mambo mengine.

Dalili: nyumbani sawa, jukwaani hovyo

Kwanza uliza ufunguo. Wapuliza tarumbeta na saksafoni wanapenda Bb, Eb na F, nawe ulijifunza modi zako zote kwenye A na E, ukisaidiwa na nyuzi zisizobanwa. Pili, mtazame mpiga kinanda: huenda amebonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo, anapiga C kwa vidole na kinatoka kingine. Muulize besi, siyo kinanda. Tatu, kapo (kibano cha shingo ya gitaa) iliyosahaulika kwenye freti ya pili. Cheka, lakini hutokea.

Kama ufunguo ni sahihi na bado noti za juu zinalia vibaya, gitaa lenyewe linaweza kuwa na kasoro. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza upate sauti ya kengele, kisha ubane palepale upige. Sauti hizo mbili zinapaswa kulingana. Badilisha nyuzi kwanza. Jasho na hewa ya chumvi ya pwani huziua upesi. Kama sauti ya kubana bado iko juu, kitako cha uzi kinatakiwa kurudi nyuma kidogo, kuuongezea uzi urefu. Kwenye gitaa la umeme lenye skrubu za kitako unaweza kufanya mwenyewe.

Hapa simama

Maumivu kwenye kifundo cha mkono, ganzi vidoleni, au kidole kinachokataa kunyooka asubuhi: weka gitaa chini na umwone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo. Maumbo mapana ya noti tatu kwa uzi, hasa kwenye freti za chini, huutanua mkono kuliko maumbo mengine. Kupiga ukiwa na ganzi hakujengi nguvu.

Ukifanya ule ukaguzi wa mwanzo kwa uaminifu na bado huwezi kutofautisha F na F# juu ya A, tafuta mwalimu anayeweza kukaa nawe ana kwa ana. Mwalimu wa kwaya anatosha, si lazima awe mpiga gitaa.

Na fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo usiiguse kwa sababu tu noti zinalia vibaya. Fimbo hiyo hurekebisha mpindo wa shingo, si sauti ya modi. Ukiizungusha kwa nguvu inaweza kukatika, na shingo kwenda nayo. Vivyo hivyo kwa gitaa la mbao ambalo kitako chake kimegandishwa kwa gundi: mpelekee fundi wa magitaa pamoja na nyuzi unazozitumia siku zote, kwa sababu akilipima kwa nyuzi nyembamba nawe ukarudi kufunga nene, kipimo chake hakitakufaa.